Kuinuka Kitini: Miguu Nyuma, Pua Mbele

Kiti nilichomtengenezea mamangu kilikuwa cha mbambakofi, mikono yake nimeichonga maua, na mgongo wake nimeuwamba kwa kamba mwenyewe, siku mbili nzima. Mimi ni seremala hapa Lamu, upande wa Langoni, mwaka wa 31 huu, na katika viti vyote vilivyopita mikononi mwangu hicho ndicho nilichokipenda zaidi. Mama aliketi, akashukuru, akaniombea dua. Kisha akataka kuinuka. Akajisukuma mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akarudi nyuma kwa kishindo. Akaniangalia, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, kiti hiki chanivuta tini." Tini ndiyo chini, kwa Kiamu chetu.

Nilidhani ni magoti. Nyumba nzima ilidhani ni magoti. Mama ana miaka 72, na magoti yamemsumbua tangu sisi tukiwa wadogo, kwa kupanda na kushuka ngazi za nyumba zetu hizi za ghorofa. Basi ikawa akitaka kuinuka anaita, na aliye karibu anakuja kumvuta mikono. Sikuona ubaya wake. Niliuona siku nilipogundua kwamba amepunguza kunywa maji mchana, tena katika joto la Februari, ili asihitaji kwenda chooni. Kwenda chooni kunataka kuinuka, kuinuka kunataka kuita mtu, na mamangu si mtu wa kuita watu.

Tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo tuliyeelekezwa na jamaa. Nilitarajia atayaminyaminya magoti. Yeye alimwambia Mama aketi kisha ainuke, mara moja tu, akamtazama kwa ubavuni. Halafu akasema, "Mama, magoti yako nitayaona baadaye. Kwanza niambie, miguu uliiacha wapi?" Miguu ilikuwa mbele, imenyooshwa kama ya mtu anayebarizi. Na mgongo ulikuwa wima kabisa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama watu wanavyoinuka, barazani, msikitini, kwenye mashua. Wengi wanahangaika kwa sababu ile ile moja, na wanaulaumu umri. Ndiyo maana naandika haya.

Timazi ya mwili

Seremala hasimamishi mlango bila timazi, kile kipande cha chuma mwisho wa uzi. Kikitulia kinakwambia kama mlango umesimama wima au umeegama. Mwili nao una timazi yake. Ukiwa umesimama, uzito wako wote ni kana kwamba umekusanywa mahali pamoja ndani ya nyonga, chini kidogo ya kitovu. Uzi ukiteremshwa kutoka hapo, lazima ufikie kati ya nyayo zako. Ukifika nje ya nyayo, unaanguka, au unashika kitu.

Sasa keti, ujiulize uzi uko wapi. Unaangukia kitini. Nyayo ziko mbele yake, pengine futi moja mbele. Kiti kinakubebea uzito huo na hakuna taabu, lakini ukitaka kuachana nacho, ni lazima uzito uhame kutoka kitini uende juu ya nyayo. Kwa hiyo kuinuka hakuanzi kwa kwenda juu. Kunaanza kwa kwenda mbele. Mama alikuwa akijisukuma juu, uzito ukiwa bado nyuma, na kila alipojisukuma, uzito ulimrudisha pale pale.

Kama huniamini, fanya jaribio hili na kijana mwenye nguvu zake. Mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mgongo umeegemea, mikono mapajani, miguu mbele kidogo. Weka kidole chako kimoja katikati ya paji la uso wake, ukizuie kichwa kisije mbele. Mwambie ainuke bila kutumia mikono. Hawezi. Nimelifanya barazani kwa mchukuzi anayebeba mifuko ya saruji kutwa, na kidole changu kilimtosha. Miguu yake haina kasoro, ila umemnyima njia ya kupeleka uzito mbele.

Njia za kuufupisha mwendo huo ni mbili: kuileta miguu nyuma uliko uzito, na kuupeleka uzito mbele iliko miguu. Anayeinuka vizuri hufanya yote mawili.

Namna yenyewe

Anza kwa kusogea ukingoni mwa kiti. Usijivute kwa mgongo. Egemea upande mmoja, sogeza nyonga ya upande wa pili mbele, kisha badilisha, mpaka nusu ya mapaja iwe nje ya kiti. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka, na wakiketi kwenye kochi lenye kikalio kirefu kwenda nyuma ndiyo wanakwama.

Kisha miguu. Hapa usipite haraka, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika au kutengenea. Rudisha nyayo mpaka vifundo vya miguu viwe nyuma ya magoti kwa upana wa kiganja, kama inchi 4. Ukitazama chini, vidole vya miguu karibu vifichwe na magoti. Nyayo ziwe zimeachana kwa upana wa nyonga, na zikanyage zote, kisigino na vidole. Kisigino kikianza kuinuka, umerudisha kupita kiasi, au kifundo chako ni kigumu. Sogeza mbele kidogo mpaka kikae chini. Kama goti moja ndilo linalouma, mguu huo uweke mbele kidogo na ule mzima uwe nyuma, kwa kuwa mguu wa nyuma ndio unaobeba zaidi. Mama goti lake baya ni la kulia, na jambo hili dogo peke yake lilimpunguzia maumivu siku ile ile ya kwanza.

Halafu inama. Inama kwenye nyonga, pale paja linapokutana na tumbo, si kwa kuukunja mgongo kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Kifua kitangulie. Endelea mpaka pua ivuke magoti na iwe juu ya vidole vya miguu. Wakati huo utahisi nyayo zinakuwa nzito na makalio yanakuwa mepesi. Ukihisi hivyo, uzi wa timazi umefika.

Hapo sukuma ardhi kwa miguu, kama unayetaka kuiteremsha sakafu. Kama kiti kina mikono, sukuma mikono hiyo kwenda chini. Magoti na nyonga vinyooke pamoja. Toa pumzi unapoinuka, usiibane. Ukishasimama, tulia, hesabu mpaka tano, ndipo uchukue hatua.

Wanaouchunguza mwendo huu huugawa sehemu nne: kuinama, makalio kuachana na kiti, kunyooka, na kutulia. Iliyo ngumu ni ya pili. Pale makalio yanapoachana na kiti ndipo misuli inapodaiwa zaidi, na ndipo wengi wanaporudi chini. Vijana hawaihisi, kwa sababu wanakitupa kiwiliwili mbele kwa kasi na kasi ile inawabeba. Mtu mzima huinama zaidi na kwenda polepole ili asiyumbe, na hilo ni sawa. Lisilo sawa ni kuinama, kusita katikati ukiwaza, kisha kutaka kuinuka. Ukisita, kasi yote imepotea na umebaki na nguvu za miguu tupu.

Mama alipinga kuinama. "Nitaanguka kwa uso," alisema, na hofu hiyo nimeikuta kwa wazee wengi. Mtu akishaanguka mara moja, mwili wake hukataa kwenda mbele, na kwa kukataa huko ndipo anapoanguka nyuma. Dawa tuliyofundishwa ni meza. Nilimweka Mama kitini mbele ya meza nzito, nikatandika leso yake mezani, akaweka viganja juu yake. Nikamwambia, "Mama, usiinuke. Isukume leso tu, ifike ukingo wa pili." Akaisukuma, ikateleza, mikono ikaifuata, kifua kikaifuata mikono. Akarudi. Akasukuma tena. Mara ya saba au ya nane nikaona makalio yameachana na kiti kwa inchi moja, na yeye mwenyewe hajajua. Nilipomwambia akasema mwongo, akarudia, akajihisi. Alicheka mpaka akajifuta macho na leso ile ile.

Kwa nini kuinama kunayahurumia magoti? Ukibeba ndoo kwa mkono ulionyooka mbali na mwili, bega linawaka. Ukiileta karibu na kiuno, ndoo ni ile ile ila bega limepumzika. Uzito wa kiwiliwili ukiwa mbali nyuma ya goti, msuli wa mbele ya paja unavuta kwa nguvu kubwa, na goti linabanwa. Ukiinama, uzito unasogea karibu na goti, na sehemu ya kazi inahamia nyonga na makalio, yenye msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Anayeinuka mgongo wima kwa adabu na staha anayatwika magoti mzigo wa makalio.

Kuketi ni njia ile ile kwa kurudi. Rudi nyuma mpaka mashavu ya miguu yaguse kiti, peleka mikono nyuma ushike mikono ya kiti, inama, peleka makalio nyuma, shuka polepole. Usijiangushe. Uti wa mgongo unaupokea mshindo ule, na kiti chepesi kinaweza kuponyoka nyuma.

Kiti chenyewe

Hapa naomba nikae kwa muda, kwa sababu hili ni jukumu langu na la wenzangu wa randa na patasi.

Kiti cha mama kilikuwa na urefu wa inchi 14 kutoka sakafuni. Mguu wake, kutoka nyuma ya goti hadi chini, ni inchi 16. Kwa hiyo alipoketi, magoti yalikuwa juu kuliko nyonga, na safari ya kuinuka ilikuwa ndefu na ya kupanda mlima. Urefu wa kiti ndio unaogeuza mambo kuliko kitu kingine. Wataalamu waliokusanya tafiti za mwendo huu mwaka 2002 waliona kwamba kiti kirefu kinaweza kupunguza mzigo wa goti hadi asilimia 60 na wa nyonga hadi asilimia 50. Kwa mtu mwenye afya, kiti kilingane na urefu wa mguu wake mpaka nyuma ya goti. Kwa aliyechoka miguu, ongeza inchi 2 hadi 4, mradi nyayo zikanyage chini zote. Nyayo zikining'inia, umemharibia tena.

Kosa la pili lilikuwa ule ubao wa mbele, ule unaofunga miguu miwili ya kiti pamoja. Unakipa kiti nguvu na unapendeza ukichongwa, lakini unazuia visigino visirudi nyuma. Mama hata angejua kuirudisha miguu, mimi nilikuwa nimeipigia ukuta. Niliukata ubao ule kwa msumeno siku tuliyorudi kutoka Mombasa, nikaweka mbao nyingine pembeni, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Viti vya enzi vya mababu zetu vina kibao cha kuwekea miguu kwa mbele, vizuri sana kwa heshima ya mgeni, lakini mzee akitaka kuinuka ni lazima kwanza ashushe miguu sakafuni na asogee ukingoni. Mikono mipana ya viti vile, lakini, ni hazina kwa mtu wa kujisukuma.

Mikono ya kiti ifike mbele mpaka ukingoni mwa kikalio. Ikiishia katikati, mtu atasukuma akiwa amejivuta nyuma, na hatufiki popote. Kikalio kiwe kigumu. Kochi la sponji linammeza mtu, na kwa hilo huna haja ya kununua jipya: weka ubao chini ya mto, na kama bado ni fupi, weka mto wa pili ulio mgumu. Viti vya plastiki vimejaa kila nyumba. Kikalio chake kimelala nyuma, na chenyewe ni chepesi, kinateleza kwenye sakafu laini. Kiegemeze ukutani kabla mzee hajaketi.

Kukiinua kiti kilichopo ni kazi ya saa mbili. Kata vipande vinne vya mbao nzito, kila kimoja kipana kuliko mguu wa kiti mara mbili, toboa kila kimoja shimo lenye kina cha inchi moja hadi moja na nusu ambalo mguu utaingia na kukazana, usiweke juu juu. Inua yote minne sawasawa. Kisha keti wewe kwanza, ujitikise kwa nguvu, mbele na ubavuni, kabla ya kumkalisha mamako.

Mbuzi, kitanda, mkeka

Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo adui niliyekuwa simfikirii. Ile ya nyumbani ina urefu wa inchi 8. Mama alikuwa akikuna nazi mbili kwa wali wa mchana, kisha anabaki pale na kibakuli chake, anajifanya anapanga panga vyombo, akisubiri mtu apite jikoni. Nilichukua meno ya mbuzi ile ile, nikayafunga kwenye kigoda cha inchi 17, na kibakuli kikapata kijimeza chake chini ya meno. Alikikataa wiki nzima, akisema nazi haitoki vizuri. Nikakaa kando yake, nikaona: meno yalikuwa yamesimama wima mno, nazi inakwaruza badala ya kukuna. Nikayalaza kidogo mbele. Tangu hapo hajaigusa ile ya zamani, na anainuka peke yake kwenda kukamua tui.

Kitanda cha kamba kikilegea huwa kama shimo. Mtu anaamka katikati ya bonde, na kila akiinama mbele anarudi bondeni. Kiwambwe upya, kikazwe mpaka ukikipiga kwa kiganja kilie. Kama mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda, unamkata mzee mapajani, uzungushie kitambaa kinene. Matendegu, yaani miguu ya kitanda, yakiwa mafupi yanaongezwa vipande kama nilivyoeleza kwa kiti. Kuamka kwenyewe: geukia ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, sukuma kwa kiwiko na kiganja mpaka uketi. Kisha keti. Usisimame bado. Usiku damu imezoea kulala nawe, na ukisimama ghafla hushuka miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaingia giza. Kanyaga hewani kwa vifundo, juu na chini, mara 15 au 20, subiri dakika moja au mbili. Wanaotumia dawa za presha, na wanaofunga saumu wakati wa joto, wawe waangalifu zaidi. Kama kizunguzungu ni cha kila mara, apimwe presha akiwa ameketi au amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hilo ni la daktari, si la seremala.

Kutoka mkekani usijaribu kuinuka moja kwa moja. Geuka ubavu, kaa kwa magoti na mikono, tambaa hadi kwenye kiti kizito kilichoegemea ukuta, weka viganja juu ya kikalio, leta mbele mguu ulio na nguvu ukanyage, kisha inama juu ya kiti na usukume. Siku magoti yakiwaka Mama anaswali akiwa kitini, na dini imempa ruhusa hiyo.

Kwenye mashua: chombo kifungwe kwanza gatini. Mwambie nahodha asubiri, wala usimwonee haya. Miguu ipanuliwe zaidi ya kawaida, mkono ushike ubavu wa chombo, usishike bega la abiria mwenzako.

Chooni nilitaka kufunga chuma cha kushikilia. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki skrubu ndogo. Mtu akiuweka uzito wake hapo, chuma kitatoka na bonge la ukuta. Nilikipitisha boliti hadi upande wa pili wa ukuta, kukiwa na ubao mpana pande zote mbili, nikakining'inia mwenyewe kwanza. Kama hilo haliwezekani, kiti cha choo chenye mikono na miguu mizito kinatosha.

Ukimsaidia mtu

Kumvuta mikono tuliyokuwa tukimfanyia Mama ni kosa, na nililifanya kwa mapenzi miaka miwili. Ukimvuta mtu kwa mikono kutoka mbele, yeye hujibu kwa kujitupa nyuma ili avutike, na uzito unabaki nyuma pale pale. Kumnyanyua kwa makwapa ni vibaya zaidi. Bega la mzee ni kitu cha kuumia upesi. Wala asivute meza nyepesi au kigari cha kutembelea, kwani vyote viwili vitamjia kifuani. Asukume kiti, kisha akishasimama ndipo ashike kigari.

Simama ubavuni mwake, si mbele, ili usizibe njia ya pua yake. Karibu naye, magoti yako yamekunjwa. Mwambie kwa maneno machache, na kila siku maneno yale yale. Sisi tunasema, "Sogea. Miguu nyuma. Pua mbele. Haya." Mpe nafasi afanye mwenyewe kadiri awezavyo, mkono wako mmoja ukiwa nyuma ya kiuno. Kwa wiki za mwanzo nilimfunga mkanda mpana kiunoni, wa turubai, ulioshonwa na fundi wa matanga na vishikio viwili pembeni, nikashika mkanda badala ya kumshika yeye. Kikoi nilikijaribu, kinapanda mpaka mbavuni. Akiteleza, usipambane kumzuia juu; mrudishe kitini au mteremshe chini taratibu, mgongo wako utakushukuru kwa miaka mingi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga afuate aliyoagizwa kwanza, kwa maana huenda amekatazwa kuinama hivi. Na mtu ambaye jana aliinuka vizuri na leo upande mmoja wa mwili umelegea, au goti limevimba na lina moto, apelekwe hospitali mara moja bila kujaribu mazoezi yoyote.

Mara tano, kila baada ya swala

Kiti kizuri na namna nzuri vilimpa Mama nusu ya njia. Nusu nyingine ni nguvu, na nguvu ya kuinuka hupatikana kwa kuinuka. Misuli ya mapaja hupungua kadiri umri unavyoenda, na isipotumika hupungua kwa kasi. Mtaalamu alimpa mazoezi ya kuinuka na kuketi, na sisi tukayafunga kwenye swala, mara tano kila baada ya swala. Siku nzima ikawa mara 25, bila kuhitaji saa wala kukumbushwa. Mwanzo alianza kitini palipoinuliwa hadi inchi 20, akisukuma kwa mikono. Alipozoea nilipunguza kipande kwa kipande, nusu inchi kila baada ya wiki mbili, bila kumwambia mpaka baadaye.

Kuna kipimo kinachotumika nchi nyingi. Chukua kiti cha inchi 17 kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Mtu akunje mikono kifuani, kila kiganja begani upande wa pili, kisha uhesabu anasimama kamili mara ngapi kwa sekunde 30. Akitumia mikono, hesabu ni sifuri. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, yuko chini ya wastani na yumo katika hatari zaidi ya kuanguka. Mwanamume wa umri huo ni chini ya 12. Mama mara ya kwanza alipata sifuri. Baada ya miezi mitatu alipata 4, na mfungo sita, mwezi wa maulidi, alipata 9, mimi nikiwa nimesimama ubavuni na mkono tayari. Ya kumi aliinuka nusu, akaketi, akasema ataimaliza kesho.

Kile kiti cha mbambakofi sasa kina inchi 18, na maua yake bado yapo. Mteja akija kuagiza kiti siku hizi, kabla hatujazungumza mbao namkalisha, namwambia avue viatu, na ninapima kwa futi kutoka nyuma ya goti lake hadi sakafuni. Kama kiti ni cha mamake, namwomba anirudishie kwanza kipimo cha mama.